Ile "it" ya kontena

Nilipoajiriwa na wakala mmoja wa forodha Dar es Salaam, nilijiona nakijua Kiingereza. Kazi yangu ilikuwa kuwaandikia wateja wa Zambia mizigo yao imefikia wapi pale bandarini, barua pepe ishirini, thelathini kwa siku. Asubuhi moja mama wa uhasibu, aliyewahi kufundisha sekondari kabla ya kuhamia kwenye hesabu, alisimama nyuma ya kiti changu akasoma kwenye skrini: "The container which you sent it has arrived."

"Mwanangu, hiyo 'it' ni ya nani?"

"Ya kontena, mama."

"Na 'which' je?"

Nayo ya kontena. Nikanyamaza.

Kosa hilo nilikuwa nimetoka nalo nyumbani. Kwetu tunasema "kontena ulilolituma": -lo- ni kirejeshi cha kontena, yaani ndiyo "which" yetu, na -li- inayokuja baada yake inalitaja kontena lile lile, wala hakuna anayeshangaa. Tena kwa watu ndiyo hatuwezi kuiacha. Jaribu kuitoa "m" kwenye "mteja niliyempigia" uone sentensi inavyochechemea. Kiingereza hakitaki wawili kiti kimoja. "Which" ikishakaa, "it" ishuke.

Jioni ile nilichapisha barua zangu za wiki nzima nikakaa nazo na kalamu nyekundu. Kila sentensi yenye "who" au "which" niliivunja vipande viwili: "You sent the container. It has arrived." Kisha naviunga upya, na neno linalojirudia nalikata. Kazi ya kitoto kabisa, lakini baada ya siku kumi hivi mkono ulianza kusita wenyewe kabla sijaiandika ile "it".

Nikaja kugundua kwamba hata "which" yenyewe inaweza kuondoka: "The container you sent has arrived." Nilifurahi nikaanza kuitoa kila mahali, hadi nikaandika "The driver came yesterday has left." Mama akacheka. Kontena lilitumwa, ni mtendwa, kirejeshi chake kinaweza kufichwa. Dereva alikuja mwenyewe, ndiye mtenda, kwa hiyo "who" yake lazima ionekane.

"Whose" ilinichukua muda zaidi. Sisi tunasema "mteja ambaye nyaraka zake hazijafika", nami nikawa naandika "the client who his documents". Dawa ilikuwa kukariri kwamba "ambaye" na "zake" kwa Kiingereza zimemezwa na neno moja: "the client whose documents have not arrived." Hapo sikutafuta falsafa yoyote.

Kilichonitoa jasho hasa ni mkato. Mteja wa Lusaka alikuwa na mapipa 80 ya oili, matatu yakivuja. Nikaandika: "The drums, which are leaking, have been set aside." Mikato miwili niliiweka kwa urembo tu, niliona inaipa barua heshima. Haikupita nusu saa simu ikalia, mzee wa watu anauliza imekuwaje mapipa yote 80 yavuje. Nikamwapia kuwa ni matatu. Akanisomea sentensi yangu mwenyewe, polepole.

Alikuwa sahihi. Pamoja na mikato, "which are leaking" inakuwa maelezo ya ziada juu ya mapipa yote. Ningeitoa mikato hiyo, ningekuwa nachagua yale yanayovuja na kuyaacha mengine. Kiswahili chetu, "mapipa yanayovuja yametengwa", kinamwachia msomaji aelewe kutokana na mazungumzo, ndiyo maana sikuwahi kufikiri kwamba alama ndogo namna ile ingeweza kuharibu mapipa 77 mazima. Siku hizi naisoma sentensi bila kile kipande cha katikati. Kama bado inasema kweli, mikato inakaa. "The drums have been set aside": ni uongo, yametengwa matatu tu. Basi hakuna mkato, na hapo naweza kutumia hata "that", ambayo kwenye maelezo ya ziada haikubaliki.

"Whom" bado naikwepa. Nikiiona inakuja naandika "the officer I spoke to", na mpaka leo mama wa uhasibu hajanishtukia.