Kiti kiko wapi? Siku moja kwenye gereji ya pikipiki za traili

Kila anayechungulia mlangoni anauliza hivyo. Hakuna kiti. Pikipiki ya traili, mchezo wa kupita vikwazo bila mguu kugusa chini, huendeshwa kwa kusimama mwanzo hadi mwisho, na nyuma ya tangi kuna plastiki nyembamba tu isiyofika gotini. Swali la pili huwa inakimbia kiasi gani, na hapo tunashindwa kuelewana, kwa sababu gereji hii iliyopo Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kazi yake ni kuzifanya pikipiki zitembee polepole. Mshindani anapita juu ya mawe, mizizi na vijito ndani ya kipande cha njia kilichozungushiwa utepe. Mguu ukigusa chini mara moja ni alama 1, mara mbili 2, mara tatu au zaidi 3. Akianguka au akitoka nje ya utepe, 5. Mwenye alama chache ndiye anayeshinda, na kwa kawaida kuwahi hakumwongezei kitu. Yapo mashindano machache ya aina nyingine, kama Scott Trial lililoanza 1914 na ambalo hufanyika Swaledale, linalojumlisha alama na saa pia, lakini hilo ni la wenye mapafu ya farasi.

Saa 1:30 asubuhi. Ni Jumamosi ya Januari, nje bado giza. Kesho kuna mashindano, kwa hiyo pikipiki nne za wateja lazima ziondoke leo. Tunaanza na upepo wa matairi. Fundi aliyezoea bodaboda atashtuka: tairi la nyuma la traili linajazwa psi (kipimo cha upepo) 4 hadi 5, la mbele 5 hadi 7. Geji ya kawaida ya kituo cha mafuta haifai, maana sindano yake haijaamka vizuri kwenye namba hizo. Tunatumia geji ndogo inayoishia psi 15. Tairi la nyuma halina tyubu. Likilegea sana huachia ukingo wa rimu, na kulirudisha kunahitaji kompresa na maji ya sabuni, pengine na mkanda wa kulikaza katikati ili kingo zitanuke. Tukio hilo likikukuta mlimani, umekwisha.

Saa 2:15. Petroli. Injini nyingi hapa ni za mipigo miwili, na oili inachanganywa ndani ya mafuta. Kwa uwiano wa 80 kwa 1, dumu la lita 5 linapokea mililita 62 au 63. Tunapima kwa bomba la sindano, siyo kwa kifuniko cha chupa wala kwa jicho. Tunachanganya ya wiki hii tu. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa ni E10, ina ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hunyonya unyevu. Ikilala kwenye kabureta miezi mitatu, ile jeti ndogo ya mwendo wa chini huziba, injini inawaka lakini haitulii. Mwenye kuiacha pikipiki muda mrefu afunge koki, aiache injini imalize mafuta yaliyo kwenye kabureta mpaka izime yenyewe.

Saa 3. Vichujio vya hewa, cheni, grisi kwenye beringi za viungo vya shokapu ya nyuma, spoku, pedi za breki. Pikipiki tatu zimekwisha.

Saa 4. Anaingia mzee mmoja na pikipiki ya cc 300 iliyotumika, aliyoinunua mwezi uliopita. Aliendesha traili miaka ya 1990, akaacha, sasa amestaafu na anarudi. Wateja wa namna hii ndio wengi kwetu, na tunawapenda, lakini wanakuja na majibu tayari. Huyu anataka ekzosi mpya na springi ngumu ya nyuma. Pikipiki, anasema, inaruka yenyewe kwenye kona na inamrusha nyuma kwenye mawe. Picha ya ekzosi iko kwenye simu, na bei pia.

Kabla ya spana, geji. Nyuma psi 15, mbele 18. Kwa upepo huo tairi halilikumbatii jiwe, linadunda juu yake kama mpira. Nusu ya "kurushwa nyuma" ilikuwa hapo, na tiba yake ni kubonyeza valvu kwa sekunde chache bila malipo. Mzee hakufurahi. Aliyekuja na pesa mkononi hapendi kuambiwa atoe upepo.

Tukaangalia usukani. Mikono ya klachi na breki, ile inayobanwa kwa vidole, ilikuwa imeelekea juu na imesogea nje, kama kwenye pikipiki ya barabarani. Simama juu ya vikanyagio, nyoosha mkono wako, fuata mstari wake: kidole kinapaswa kuangukia mkono wa klachi bila kukunja kiganja. Kisha isogeze mikono ya klachi na breki ndani hadi kidole cha shahada peke yake kikae kwenye ncha. Kidole kimoja kwa klachi, kimoja kwa breki, vilivyobaki vinashika usukani. Skrubu za vifungio zikazwe kiasi tu, ili pikipiki ikianguka mkono wa klachi au wa breki uzunguke badala ya kuvunjika.

Halafu klachi yenyewe, na hapo ndipo asubuhi ilipoharibika. Gia ya kwanza, klachi imebanwa hadi mwisho, injini inaunguruma, na pikipiki bado inasonga mbele. Klachi haikati. Pikipiki ikilala kwenye baridi, pleti hushikana kwa oili, na dawa ya kawaida ni rahisi: injini imezimwa, gia imeingia, klachi imebanwa, isukume mbele na nyuma mpaka uisikie imeachia. Oili ya gia ikiwa nzito huongeza tatizo. Pikipiki hizi hutaka nyepesi, na kidogo: kwa modeli nyingi mililita 350 hadi 550, soma kitabu chake. Tukaisukuma. Ikaachia kidogo, ikashika tena.

Klachi ya traili inavutwa kwa mafuta, siyo kwa waya. Tukafungua kikopo cha juu. Mfuniko umeandikwa kabisa mafuta ya madini tu. Tukachovya tone kwenye kikombe cha maji. Mafuta ya madini huelea. Tone letu likayeyuka ndani ya maji, maana yake ni DOT 4, mafuta ya breki. Tulipomuuliza, alijibu kuwa ndiyo yaliyokuwa kabatini.

Basi tukaeleza. Sili za mfumo wa mafuta ya madini zimetengenezwa kwa mpira usiovumilia DOT 4: unavimba, unalainika, pistoni inakwama na hairudi. Kumwaga na kujaza mapya hakutoshi. Pampu ya juu ifunguliwe, ya chini ifunguliwe, bomba lisafishwe, sili zote zibadilishwe, kisha yajazwe mafuta sahihi kwa sindano kutoka chini kwenda juu, kwa sababu upepo unapenda kupanda na ukijaza kutoka juu unapigana nao. Sili hizo hatuna, zitafika Jumatatu au Jumanne. Akauliza kama hatuwezi kuongeza tu mafuta yaliyo sahihi juu ya hayo. Tukaeleza tena. Akauliza kama ekzosi inaweza kufungwa leo wakati tunasubiri. Akapiga simu kwa rafiki yake, rafiki akasema hajawahi kusikia habari hiyo ya sili. Tukaeleza mara ya tatu, kikombe cha maji kikiwa mezani kama shahidi.

Ilikuwa saa sita kasoro, na pikipiki ya nne ya kesho bado haijaguswa.

Saa 6 na kitu. Njia nzuri ya kumtuliza mtu kama huyu ni kumpa kitu cha kufanya. Tuna 250 ya kuazimisha, tukampeleka uani. Kamba ya kizimio ifungwe kwenye kifundo cha mkono kwanza. Ukianguka sumaku inachomoka na injini inazima.

Anayerudi baada ya miaka mingi ana makosa yaleyale. Anakodoa gurudumu la mbele badala ya mita mbili tatu mbele yake. Anavuta usukani kwa mikono badala ya kusukuma kwa miguu, ndiyo maana baada ya dakika kumi mikono imekaza kama mbao. Akikata kona anauegemeza mwili upande mmoja na pikipiki. Kona kali ya traili inataka kinyume: pikipiki ilale ndani, wewe ubaki nje, uzito kwenye kikanyagio cha nje, magoti yamekunjwa, klachi ikicheza pale inapoanza kushika. Usiiachie yote, usiibane yote.

Kisha gogo la sentimita 30. Likaribie kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kunja magoti, bonyeza springi chini. Zinapoanza kurudi, vuta mafuta kwa ghafla na kwa ufupi. Gurudumu la mbele litue juu ya gogo, ufunge mafuta, ulegeze miguu la nyuma lifuate lenyewe. Kosa la karibu wote ni mafuta kubaki wazi: kinga ya injini inagonga gogo, tairi linazunguka bure, dereva anabaki nyuma ya pikipiki akiikimbiza. Kwa ukuta mrefu mafuta huvutwa mara mbili, ya kwanza kuinua mbele, ya pili tairi la mbele linapougonga ukuta. Hayo ni ya baadaye sana. Alipanda gogo mara kumi na moja, mara tatu vizuri. Dakika kumi kazi, kumi mapumziko, vinginevyo mwili unajifunza uchovu tu.

Baada ya hapo hatukutazama saa. Pikipiki ya nne ilikuwa na beringi za usukani zilizokaza, zikanywa grisi na saa nzima. Vidole vimepasuka kwa baridi na sabuni. Kijana wa madukani alikuja na chai, akauliza kiti kiko wapi.

300 tukaibakisha kwenye stendi na kumaliza yasiyohitaji sili. Springi ngumu haikuhitajika. Shokapu ya nyuma huliruhusu gurudumu kupanda na kushuka milimita 170 hivi, na dereva akisimama juu inapaswa kuzama theluthi, yaani 55 hadi 60. Yake ilizama 40: springi ilikuwa imekazwa kupita kiasi na mwenye nayo wa kwanza. Tukailegeza. Ili itembee polepole zaidi tulipendekeza sproketi ya mbele ya meno 10 badala ya 11, ambayo ni karibu sawa na kuongeza meno manne nyuma, pamoja na uzito wa ziada kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, ili injini isipande haraka. Vyote viwili kwa pamoja ni bei ndogo kuliko ile ekzosi.

Giza lilikuwa limeshaingia kabla ya saa 11 jioni. Simu ikalia tukiwa tunafagia. Ni mzee. Mikono inamuuma, anasema, na kesho atakuja kutazama mashindano, halafu akauliza ile ekzosi tuliiagiza au bado.

Kwenye kadi yake ya kazi imeandikwa: sili pampu ya juu na chini, mafuta ya madini, sproketi 10, flaiwili, upepo nyuma 4.5, mbele 6. Mstari wa mwisho, kwa kalamu nyekundu: ekzosi, hapana.