Chura, kifusi na cheti

Binti mmoja aliyemaliza shahada Mlimani ameniandikia: "Shikamoo mama. Nami nataka kuwa mshauri mwelekezi wa mazingira. Nianzie wapi?" Nilimjibu juujuu, nikamtajia usajili na kozi. Yaliyobaki nayaweka hapa.

Aanze na Kihansi, maporomoko ya mto nchini Tanzania palipojengwa bwawa la umeme. Mwaka 1996, ujenzi wa mtambo wa umeme wa maji wa megawati 180 ukiwa umeshaanza, watafiti walikuta korongoni chura mdogo wa manjano, anayezaa badala ya kutaga. Aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale tu, hapo tu duniani. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, zaidi ya asilimia 90 yakaondoka korongoni. Ikabidi kutandaza mabomba ya kunyunyiza maji. Vyura wapatao 500 wakapandishwa ndege kwenda Marekani mwishoni mwa 2000. Waliobaki wakavamiwa na ugonjwa wa kuvu, na mwaka 2009 ikatangazwa kuwa porini hawapo tena. Kuwarudisha kulianza 2012. Vijiweni watu bado wanacheka, hela zote hizo kwa ajili ya vyura! Nami hucheka nao, kisha nauliza: ingegharimu kiasi gani kulikagua korongo lile kabla bwawa halijachorwa?

Hapo ndipo kazi yetu inapokwama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya ujenzi. Lakini mara nyingi tunaitwa michoro ikiwa tayari, fedha zimeshatengwa, tarehe ya jiwe la msingi inajulikana. Anayetulipa ni mwenye mradi yuleyule tunayemkagua. (Nikilisema hili kwenye vikao, watu hukumbuka ghafla kwamba saa ya chai imefika.)

Nilichojifunza kwenye miradi ya barabara ni kuacha kuandika kwenye ripoti "athari zitapunguzwa ipasavyo". Mkandarasi hajengi aya, anajenga kilicho na bei kwenye mkataba. Mashimo yanayochimbwa kupata kifusi cha barabara ndiyo mfano wangu wa kila siku: yasipotengewa fedha za kufukiwa, lami itakamilika, mitambo itaondoka, na mvua ikinyesha kijiji kitabaki na madimbwi ya mbu ambamo watoto huogelea. Kwa hiyo siku hizi nahangaikia zaidi jedwali la bei kuliko ripoti. Kurasa mia tatu nani anazisoma?

Na ndiyo sababu nikahamia kwenye sera, jambo ambalo wenzangu waliliona kama kustaafu mapema. Sheria hiyohiyo inatambua tathmini ya kimkakati, inayopima mpango mzima wa bonde au sekta kabla mradi mmoja mmoja haujapata mmiliki. Vikao vyake vinachosha, havina buti wala kofia ngumu, ila kwenye meza ile bado unaweza kuuliza kama bwawa lijengwe hapa au kwingine, na swali likajibiwa.

Nitamwandikia tena yule binti. Ajifunze kusoma mkataba wa ujenzi, chuoni hawakumfundisha.