Damu ya Zambarau

Jana binti yangu karudi kutoka soko la Kibuye na mfuko wa zambarau, blauzi imeshaharibika. Kabla sijamkaripia, ile harufu ikanirudisha bwaloni, kidato cha tatu, mikono yangu imelowa hadi viwikoni.

Tulikuwa tunaigiza Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Wavulana wa shule jirani waliokuwa waje kuigiza wanaume walikatazwa, zikiwa zimebaki wiki mbili. Na tamthilia yenyewe ina wanawake wawili tu, Portia na Calpurnia! Mwalimu wetu wa Kiswahili hakubabaika. "Enzi za Shakespeare wavulana ndio waliovaa magauni wakawa kina Portia," akasema. "Nyinyi mtashindwa kujifunga mashuka kama wanaume wa Roma?" Mimi nikapewa Brutus, rafiki wa Kaizari anayeshiriki kumuua, kwa ajili ya sauti yangu nzito, hii hii ambayo mama alinitaka niipunguze wageni wakija.

Mengi yamenitoka. Lakini nakumbuka tumemzunguka Kaizari na visu vyetu vya katoni, naye akanikazia macho akatamka yale maneno ya Kilatini, "Et tu, Brute?", yaani "Hata wewe, Brutus?", ambayo Shakespeare mwenyewe aliyaacha vilevile. Alipoanguka, mpishi mmoja aliyekuwa akichungulia dirishani alipiga ukemi, "Uwi!" Kisha tukainama, tukachovya mikono katika beseni la zambarau zilizopondwa, kama Brutus anavyowaagiza wenzake.

Hapo ndipo Cassius, msichana wa Vihiga asiyeinua mkono darasani hata siku moja, alipoinyanyua yote miwili. Akauliza: karne ngapi zijazo tendo letu hili litaigizwa, katika nchi ambazo hazijazaliwa, kwa lugha ambazo bado hazijulikani?

Akanyamaza. Hakuwa amesahau. Nilikuwa bega kwa bega naye, nikamwona anayasikia maneno yake mwenyewe. Yaliandikwa mwaka 1599. Nchi yenyewe ndiyo hii, lugha yenyewe ndiyo hii, na anayeyasema ni yeye, shuka la bweni begani, ziwa liko nje ya dirisha. Juisi ilikuwa ikidondoka kutoka viwikoni mwake, tone baada ya tone, na bwalo zima, wale wavulana wakiwa safu ya mbele kama watazamaji, halikukohoa.

Nikajibu kwa sauti yangu yote. Sikuipunguza.

Tangu siku ile nimekaa katika vikao vingi, vya chama, vya matanga, vya wazazi shuleni. Mara nyingine sauti ile huja. Mara nyingine naimeza na chai. Sijui kama jukwaa lilinipa au lilinikopesha tu.

"Kwani wavulana walikuwa wapi?" binti yangu akauliza nilipomhadithia. Nikamweleza. Akajifunga leso yangu begani, akataka nimfundishe maneno ya Cassius. Nikaanza, polepole, maana jirani alikuwa anaanika nguo.

"Mama," akanikatiza, "sikusikii."