Walengwa

Jana usiku sijalala vizuri, sababu ni faili moja ya kurasa tisini na kitu iliyoingia kwenye imeili yangu saa tatu kasoro. Imetoka kwa wakala anayenipaga kazi za kutafsiri, mtu mwema kabisa kwangu, analipa kwa wakati, hana maneno mengi. Kaandika: dada, ule mwongozo wa mwaka juzi umetoka toleo jipya, yaliyobadilika wameyapaka njano, niambie bei.

Ule mwongozo wa mwaka juzi sijawahi kuuzungumzia popote, hata hapa ambapo naandika karibu kila kitu changu. Basi leo acha niuandike.

Ulikuwa mwongozo wa mafunzo ya mfumo wa kunasa mawasiliano. Simu, meseji, mtu yuko wapi saa hizi, anaongea na nani na mara ngapi kwa wiki. Ukurasa wa kwanza ulisema mfumo unauzwa kwa serikali tu, na hilo ndo lilinituliza moyo kwa siku kama mbili. Nikajiambia serikali zina kazi zake, watoto wanatekwa, watu wanatega mabomu, polisi wakipata kibali cha mahakama wakasikiliza simu ya mtekaji mimi sina shida, na hata leo sina. Nikaanza kutafsiri.

Neno lililonisumbua mapema ni la mtu anayesikilizwa. Kiingereza chao kinamwita kwa neno lilelile la shabaha, kitu unachokielekezea bunduki, nami nikaandika mlengwa maana ndo lilikuja kwanza. Alafu nikakaa nikaliangalia. Sisi walengwa tumezoea kuwaita watu wanaokwenda kufaidika, walengwa wa mradi wa maji, walengwa wa chanjo, walengwa wa mikopo. Sasa hapa ukurasa mzima ni ongeza mlengwa, futa mlengwa, panga walengwa kwa makundi. Nikajaribu mshukiwa, nikaona namtwisha mtu kosa ambalo hata mfumo wenyewe haujamtwisha, maana hakuna mahali ulipouliza anashukiwa nini. Nikarudi kwenye mlengwa, nikaendelea.

Sura ya nne ilikuwa inaeleza jinsi ya kumwingiza mlengwa mpya. Kuna fomu. Namba ya simu, lazima. Jina, lazima. Tarehe ya kuanza, lazima. Namba ya kibali cha mahakama, si lazima. Vingine vyote vina kinyota chekundu, hapo hakuna. Maneno "si lazima kujazwa" nimeyaandika kwa mkono wangu huu. Na kwenye programu hakuna kitu kinachojiamulia chenyewe kuwa cha lazima au la, kuna mtu kakaa ofisini kwake kaandika iwe hivyo, na angeweza kuandika kinyume, kwamba bila kibali fomu haiendi mbele, kazi ya dakika chache tu. Najua afisa angeweza kujaza namba ya uongo. Lakini angalau angelazimika kudanganya, na uongo ulioandikwa unaweza kuja kukamatwa siku moja. Nafasi iliyoachwa wazi haimkamati mtu.

Nilimaliza ile kazi. Nililipwa.

Tangu hapo nimekuwa nasoma sana mambo haya, na kila kampuni ya aina hii ikibanwa jibu linakuwa lilelile, tunauzia serikali kwa ajili ya uhalifu na ugaidi, anachofanya mteja ni juu yake. Wanaowatetea huleta mfano wa kisu, kwamba muuza kisu hajui kama kitakata nyanya au kitamchoma mtu. Mfano huu niliuamini muda mrefu, nikiri. Ila muuza kisu ukishamlipa mmeachana. Hawa hawaachani na mteja. Leseni ina muda wake, ikiisha inalipiwa tena. Watengenezaji wa simu wanaziba matundu ya usalama kila mara, kwa hiyo programu ya kijasusi isiyopata apdeti inakufa haraka, ndo maana lazima kampuni iendelee kutafuta matundu mapya na kumpelekea mteja. Kuna mafunzo, kuna watu wa sapoti wa kupigiwa mambo yakikwama, na kuna miongozo ya kutafsiriwa, ambayo ndo mimi. Yaani muuza kisu anarudi kila mwezi kukinoa, na akikuta damu kwenye mpini anaendelea kunoa.

Na hii damu kwenye mpini sio maneno ya kupamba. Februari 2014 watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walionyesha kwamba waandishi wa ESAT, televisheni ya Waethiopia waishio nje, walitegewa programu ya kijasusi ya kampuni ya Hacking Team ya Milan, Italia. Waandishi wenyewe wengine walikuwa Marekani, hata ndani ya Ethiopia hawapo. Habari ikasambaa, kampuni ikaulizwa, hakuna aliyeweza kusema hajasikia. Machi 2015 watafiti walewale wakatoa ripoti nyingine, ESAT wametegewa tena, na safari hii kwa toleo jipya zaidi la programu. Toleo jipya! Julai mwaka huohuo Hacking Team wakadukuliwa wao, zikamwagwa mtandaoni kama GB 400 za imeili, mikataba na ankara. Mle ndani kuna ankara ya Euro 480,000 kwa idara ya ujasusi ya Sudan, ya mwaka 2012, wakati rais wa Sudan ni Omar al-Bashir ambaye tangu 2009 alikuwa anatafutwa kwa hati ya ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Na kwenye imeili zile unakuta mteja anawatumia faili ya kawaida tu, wao wanamrudishia ikiwa na mtego ndani tayari kwa kutumwa. Kwa hiyo lile swali la kwamba muuzaji angejuaje, mimi limeniishia hapo.

Alafu kuna Ahmed Mansoor wa Falme za Kiarabu, mtetezi wa haki za binadamu, huyu namfikiria mara nyingi kuliko wote. Mwaka 2011 alilengwa kwa programu ya kijasusi ya FinFisher, 2012 kwa programu ya Hacking Team, Agosti 2016 akatumiwa meseji zenye linki zikimwahidi siri mpya kuhusu watu wanaoteswa magerezani kwao. Hakubonyeza. Alizipeleka Citizen Lab, ikaonekana ni Pegasus, programu ya kijasusi ya kampuni ya NSO Group ya Israel, imepitia matundu matatu ya iPhone ambayo Apple wenyewe hawakuwa wanayajua, ikabidi watoe apdeti ya haraka kwa dunia nzima. Mtu mmoja, kampuni tatu. Kwa hiyo sisi wote wenye simu zile tulilindwa na kidole chake ambacho hakikubonyeza, yeye akakamatwa Machi 2017, na Mei 2018 akahukumiwa miaka 10, na 2024 kwenye kesi nyingine ya watu wengi akaongezewa 15. Naandika namba hizi naona kama nazihesabu kwa umri wa watoto wake, sijui kwa nini.

Lakini kilichonitoa usingizi jana sio hivi vya juzijuzi, ni kisa cha zamani. Mwaka 1970 Caroline Hunter, mkemia kijana wa kampuni ya kamera ya Polaroid huko Marekani, na mwenzake Ken Williams, walikuta kazini kwao sampuli ya kitambulisho cha Afrika Kusini. Kumbe mashine za kampuni yao za kupigia picha za vitambulisho zilikuwa zinatumika kutengeneza pasi za makaburu, zile dompas ambazo Mwafrika kuanzia miaka 16 alilazimika kutembea nazo, zilezile ambazo watu 69 walipigwa risasi wakafa Sharpeville tarehe 21 Machi 1960 wakiandamana kuzipinga. Wakaanzisha harakati ya wafanyakazi, wakataka kampuni iondoke kule kabisa. Polaroid ikasema haitaiuzia tena serikali ile, ila biashara itabaki kupitia wakala wake wa huko. Hunter akafukuzwa kazi 1971. Mwaka 1977 ikafichuka kwamba wakala alikuwa anaendelea kuiuzia serikali kimyakimya, ndipo Polaroid ikajitoa.

Nilipofika kwenye neno wakala nilifunga laptop, nikazunguka zunguka chumbani.

Maana Hunter hakuwa mkurugenzi. Hakuwa anauza chochote, hakusaini mkataba na mtu, alikuwa mkemia, angeweza kusema kazi yangu ni kemikali na hizo picha wanapiga wengine. Mimi mwaka mzima na zaidi nimekuwa najiambia mtafsiri ni kama bomba, maji yanapita tu. Nani kasema? Mtu akisoma sura ya nne kwa Kiswahili safi akaielewa mara ya kwanza bila kuuliza, ule ufasaha ni wangu.

Sheria zipo na zinajongea, polepole. Marekani iliiweka NSO kwenye orodha ya kampuni zilizozuiwa kununua teknolojia yake, Novemba 2021. Umoja wa Ulaya mwaka huohuo ulianza kutumia kanuni mpya za kuuza nje vifaa vya upelelezi wa mitandao. Ufaransa wakuu wa kampuni ya Amesys walifunguliwa mashtaka Juni 2021, kushiriki katika mateso, kwa mfumo ulioenda Libya ya Gaddafi, na hiki nakirudia kwa sauti kila nikikikumbuka, ulikwenda kwenye idara za mkuu wa ujasusi wa Gaddafi, Abdullah al-Senussi, ambaye mahakama ya Ufaransa hiyohiyo ilishamhukumu kifungo cha maisha mwaka 1999, bila yeye kuwepo, kwa ndege ya shirika la UTA iliyolipuliwa ikaua watu 170. Mkataba ni wa 2007. Hukumu ilikuwa hadharani miaka minane. Hapa hakuna haja ya mtafiti wala mdukuzi, ni kusoma gazeti.

Asubuhi nikaifungua ile faili. Kwenye orodha ya mabadiliko wameandika maboresho yamefanywa kwa maombi ya wateja. Njano ya kwanza, mfumo sasa unaonyesha simu zilizokuwa pamoja sehemu moja kwa wakati mmoja, na mfano waliouchora ni uwanja uliojaa vidoti. Njano ya pili, unaweza kupakia walengwa wengi kwa mkupuo, hadi elfu kadhaa. Nikaangalia jedwali la kupakia. Lina safu mbili, namba na jina. Safu ya kibali haipo kabisa, hata ile ya si lazima. Nikarudi sura ya nne kwenye fomu ya zamani, haina njano popote, kwa miaka miwili hakuna aliyeomba ibadilishwe.

Nikamwandikia wakala WhatsApp. Nikamuuliza kaka, mteja ni nani, kibali anatoa nani, na hiyo orodha ya walengwa kuna mtu wa nje anayeweza kuikagua? Baada ya saa moja akajibu, dada mimi mwenyewe sijui, nimepewa na mwingine, kama shida ni malipo naongea nao waongeze.

Nikamwambia shida sio malipo, hii sifanyi, na ile ya mwaka juzi najuta niliifanya. Nikamuomba anipe imeili ya huyo mwingine ili nimuulize mwenyewe kwa nini ile nafasi ya kibali haina nyota.

Ni saa nne usiku sasa hivi. Tiki ziligeuka bluu tangu mchana, hajajibu.