Siku niliyoiona Bangkok na baba Nasra

Mimi Bangkok nilikuwa najiona mwenyeji kabisa. Miaka yote nafata nguo za duka la Kariakoo, nashuka uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, naonyesha kadi ya homa ya manjano pale dawati la afya, taksi mpaka mtaa wa Pratunam, hoteli ileile, masoko ya nguo ya Platinum na Bobae, kargo, narudi zangu. Ukiniuliza bei ya dazeni ya vitopu nakujibu hata usingizini, ila ukiniuliza huo mto wao mkubwa uko upande gani, sijui na wala sikuwa na shida ya kujua.

Mwanzoni mwa Mei 2018 Ramadhani inakaribia, nikaenda kuchukua mzigo wa Idd, na safari hiyo baba Nasra akasema anakwenda na mimi, kachoka kuisikia Bangkok kwenye simu tu. Haya twende. Siku mbili za mwanzo kazi kunifata nyuma na mabegi, kanuna, maana mwanaume ukimwambia asubiri nje ya kibanda nusu saa anaona umemtukana. Ya tatu wakala wa kargo akatwambia mzigo wataufunga na kuupima kesho yake, sisi tukapumzike. Mi nikataka kulala. Yeye tayari kavaa kaptula na raba, anasema mama Nasra inuka, tukaone mji.

Tulianza na boti za mfereji, Saen Saep, gati liko hapohapo Pratunam na nilikuwa napita juu yake kila safari nikidhani ni mtaro wa maji machafu. Maji meusi ti, yananuka, lakini boti inakwenda mbio balaa, na pembeni kuna turubai limefungwa kamba, boti nyingine ikija unavuta kamba turubai linapanda usirushiwe yale maji. Basi kila abiria aliyekaa pembeni anavuta kamba utadhani ndo ajira yake. Konda naye anatembea kwenye ukingo wa nje wa boti, kavaa helmeti, anadai nauli, ikifika daraja fupi paa linashushwa na yeye anainama tu anaendelea kuhesabu chenji. Nauli ilikuwa haifiki hata baht 20 za hela yao. Baba Nasra kafurahi mpaka nikaona aibu.

Tukashuka mwisho wa boti, Phan Fa. Hapo ndo akatokea bwana mmoja kavaa shati safi, anaongea kwa upole, anatuuliza mnakwenda wapi, tukasema kasri la mfalme. Akasema aah, asubuhi hii limefungwa, masheikh wao wana ibada, mpaka saa saba mchana, ila msipoteze muda, kuna bajaji hapa itawazungusha kwa baht 20 tu. Mi nilivyosikia baht 20 mwili ukanisisimka. Baht 20 ni shilingi elfu moja na mia nne za wakati ule, nani anakuzungusha mji mzima kwa hela hiyo? Nikamwambia baba Nasra kwa Kiswahili huyu tapeli, Kariakoo wapo kila kona. Akasema we kila mtu tapeli, panda.

Bajaji ikatupeleka kwenye sanamu la Buddha mmoja aliyesimama, dakika tano, halafu moja kwa moja duka la vito. Nilijua! Nilikuja kuambiwa baadae kwamba hao madereva wakileta mteja dukani wanapewa kuponi ya mafuta, ndo maana nauli inakuwa ya bure bure vile. Tukakaribishwa maji ya baridi, dada kavaa suti anatoa trei za rubi, yakuti, mara akatoa kijiwe cha bluu kimewekwa peke yake kwenye kitambaa cheupe, akashusha sauti kabisa. Hili adimu, akasema. Linatoka sehemu moja tu duniani, Afrika, karibu na mlima Kilimanjaro.

Sasa baba Nasra mtu wa Arusha. Ujana wake kaumalizia Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti hiyohiyo, mwanaapolo kabisa wa kushuka shimoni na kamba, akatoka huko na kikohozi na hela ya nauli. Nikamwangalia. Kakaa kimya kwanza, akaomba kile kioo cha kukuzia, akaligeuza jiwe kwenye taa, upande huu bluu, ukiligeuza zambarau, akamwambia dada wa watu kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, hili likitoka chini lina ukahawia, mnalichoma ndo linakuwa hivi. Yule dada akacheka, akauliza umejuaje. We! Umemuuliza nani? Akavuta kiti. Akamweleza joto la chini, vumbi, chakula wanachopewa na tajiri, watu kufukuzia mkanda wa madini miezi na miezi wasione kitu, akamweleza na ukuta ambao Magufuli alikuwa kauzindua mwezi uliopita tu, kilomita 24 na ushee, kuzunguka machimbo yote ili mawe yasitoroshwe. Dada kaacha kabisa kuuza, kashika tama. Mwisho baba Nasra akauliza bei, akaandikiwa kwenye kikokotoo, akaangalia muda mrefu, akarudisha jiwe kwenye kitambaa taratibu kwa vidole viwili. Hakusema kitu. Mi namjua, pale aliumia.

Nje dereva kasikia hatujanunua, akawasha bajaji akaondoka bila hata kudai hiyo baht 20 yake.

Kasri likawa wazi, bila shaka, watu wamejaa. Mlangoni mimi na baibui langu nimepita kama mwenye nyumba, baba Nasra kazuiwa, kaptula haziruhusiwi. Ikabidi arudi ng'ambo ya barabara kununua zile suruali pana za michoro ya tembo. Na hapo ndani kiingilio baht 500 kila mtu, wawili elfu moja, nikapiga hesabu hapohapo, Pratunam hiyo ni vitopu kumi. Nikanung'unika mpaka tulipoingia, halafu nikanyamaza. Kuta zimenakshiwa vioo na dhahabu kila inchi, jua linapiga mpaka macho yanauma. Kasri lilianza kujengwa 1782, na ndani ya hekalu lake ndo yupo yule Buddha wa Zumaridi, ambaye kumbe si zumaridi na ni kadogo, sentimita 66 tu, kamekaa juu huko. Kilichonifurahisha mie mwenye duka la nguo ni kwamba anabadilishiwa mavazi mara tatu kwa mwaka, kiangazi, mvua na baridi, na anayembadilisha ni mfalme mwenyewe.

Hekalu la Wat Pho tulipita tu kumwona Buddha aliyelala, mita 46, nyayo zake zimetiwa lulumizi. Miguu yangu ilishakufa.

Jioni tukapanda boti ya mto mpaka gati la Oriental, nyuma ya ubalozi wa Ufaransa kuna msikiti, Haroon, kwenye vichochoro vya Charoen Krung. Tukaswali, na kutoka tu, harufu ya biriani. Wanaita khao mok gai, wali wa manjano na kuku, juu vitunguu vya kukaanga, pembeni kachumbari ya tango na mchuzi wa kijani mtamu mchachu wenye nanaa. Baba Nasra kala sahani mbili na bado ana suruali yake ya tembo, wazee wa hapo wanamtazama na kutabasamu. Miaka yote hiyo kule Pratunam nilikuwa najilia mayai ya kuchemsha na mkate kwa kuogopa nguruwe.

Karibu na hoteli nikaona doriani, lile tunda la harufu kali. Mi mzaliwa wa Unguja, hapo huwezi kunipitisha. Muuzaji kavaa glavu, akalipasua, nyama nene, ya manjano mpauko, tamu kupita zetu ila harufu yake ndogo, na kwa hilo nalipunguzia maksi. Baba Nasra kashika pua, anasema bora lile shimo la Mererani. Hoteli nayo ina picha ya doriani mlangoni imepigwa mstari mwekundu, mlinzi akanyoosha kidole kabla sijafika. Baba Nasra akapanda kulala, mi nikabaki pale kwenye ngazi za nje nikamaliza kisinia chote. Saa tatu asubuhi tulikuwa kwa wakala wa kargo, kilo zimezidi, na mwenye kubishana nao alikuwa yeye.