Kipandikizi cha Milimita Sita

Miaka tisa ilipita tangu ning'olewe gego la chini hadi nilipomwendea daktari wa meno kuulizia kipandikizi, yaani mzizi bandia kama skrubu unaofungwa ndani ya taya ili ushike jino bandia, na katika muda huo mfupa wa taya ulikuwa umepungua kimyakimya, kama unavyopungua mfupa wowote usiobeba jino. Eksirei ilionyesha kwamba kutoka ukingo wa taya hadi kwenye mshipa wa fahamu unaoupa hisia mdomo wa chini na kidevu zilibaki milimita nane tu. Kwa kuwa madaktari huacha nafasi ya milimita mbili hivi juu ya mshipa huo, mgonjwa asije akabaki na ganzi ya kudumu, kipandikizi changu hakingeweza kuzidi milimita sita. La sivyo, ningeongezewa mfupa kwanza na kusubiri miezi kadhaa.

Niliogopa, kwani msumari mfupi hung'oka upesi, na madaktari wenyewe waliamini hivyo kwa miaka mingi, tena kwa sababu ya msingi. Mtafiti Mswidi Per-Ingvar Brånemark alimwekea mgonjwa wa kwanza vipandikizi vya metali ya titani huko Gothenburg, Uswidi, mwaka 1965. Vipandikizi vya miongo ile vilikuwa na uso laini, na vifupi vilishindwa mara nyingi zaidi kuliko virefu. Mambo yalibadilika uso huo ulipoanza kukwaruzwa kwa chembe ngumu na tindikali, maana mfupa hushikamana vizuri zaidi na uso wenye mikwaruzo.

Tena, mzigo wa kutafuna haugawanyiki sawasawa hadi nchani. Sehemu kubwa hupokewa na mfupa unaozunguka shingo ya kipandikizi, katika milimita chache za juu, kiwe kirefu au kifupi.

Uchambuzi wa majaribio uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha vipandikizi visivyozidi milimita sita na vilivyo virefu zaidi: kati ya mwaka 1 na 5 baada ya kuwekwa, kwa wastani asilimia 96 ya vifupi vilikuwa bado mahali pake, na virefu asilimia 98. Mimi naona wastani huo unaficha jambo. Katika majaribio hayo virefu havikushuka chini ya asilimia 95, ilhali vifupi vilishuka hadi asilimia 86.7 katika jaribio moja. Maana yake matokeo ya kifupi hutegemea zaidi mkono wa daktari na kinywa cha mgonjwa.

Sababu naiona katika hesabu rahisi. Ukoga ukiachwa shingoni, fizi huvimba na mfupa huanza kuliwa. Kipandikizi cha milimita kumi na mbili kikipoteza tatu kimepoteza robo ya mshiko wake, lakini changu kitakuwa kimepoteza nusu. Kwa hiyo mvutaji sigara, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, au anayesaga meno usingizini anapaswa kulizungumza jambo hilo na daktari kabla ya kuamua, hasa ikiwa kipandikizi kinawekwa nyuma katika taya la juu, ambako mfupa ni mwororo.

Nilichagua kifupi. Kila usiku napitisha kibrashi chembamba pande zote mbili za jino hilo, na kila mwaka daktari hupima kina cha ufizi na kuilinganisha eksirei mpya na ile ya siku ya kwanza.