Mla Vumbi wa Msafara

Wenzangu nawajua kwa migongo kuliko kwa sura. Mwalimu akichoka hupandisha bega la kushoto, kama mtu ambaye mkoba unamteleza. Dada mwenye pikipiki nyekundu kila baada ya nusu saa husimama wima, ananyoosha magoti, kisha anakaa tena kwa uangalifu utadhani kuna yai kwenye kiti. Mzee wetu hatikisiki kabisa. Ukimwona ametikisika, ujue kuna shimo, na una sekunde mbili za kujiandaa.

Mimi ndiye wa mwisho. Msafara wowote wa pikipiki wenye akili una mtu wa mbele anayeijua njia na mtu wa nyuma anayebeba matatizo. Mikoba yangu ina spana, viraka, pampu ya mkono, tyubu mbili (moja ya mbele, moja ya nyuma), waya wa klachi wa akiba, sanduku la huduma ya kwanza na kamba ya kuvutia. Sikupewa kazi hii kwa ujuzi. Safari yangu ya kwanza nilikuwa mwoga wa kona, nikawa nabaki nyuma, mtu akasema basi kwa kuwa uko huko huko, beba na spana. Woga uliisha. Spana zikabaki. Ni mwaka wa saba huu nakula vumbi la watu sita.

Watu hudhani wa mwisho ndiye anayekwenda taratibu. Wapi! Msafara hunyumbuka kama mpira wa manati. Wa mbele akitoka kwenye kona na kuzungusha akseleta kidogo, wa pili anachelewa kidogo kumfuata, wa tatu anachelewa kumfuata wa pili, na jambo hilo likifika kwa wa saba pengo limeshakuwa bonde. Kiongozi anatembea 80 kwa starehe zake, mimi nasukuma 100 ili nisiwapoteze. Nimeshagombana na viongozi watatu kwa hili, na nitagombana na wa nne. Jingine ni la malori. Ukishalipita lori, endelea kukaza mwendo utuachie nafasi ya kuingia. Ukiridhika na kutulia mbele ya bampa, mwenzako anayekufuata anabaki upande usio wake, anatazamana na gari linalokuja. Hapo sina utani na mtu.

Kwenye barabara iliyonyooka tunapishana: wa kwanza karibu na katikati ya barabara, wa pili karibu na ukingo, wa tatu katikati tena. Sekunde moja kutoka kwa aliye mshazari nawe, mbili kutoka kwa aliye mbele yako hasa. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, sekunde moja ni mita 25, na huishia ndani ya chafya moja. Kona zikianza tunavunja mpango huo, tunakwenda mmoja mmoja, kila mtu na njia yake. Kwenye kona hakuna ushirika. Usiige mwendo wa mwenzako, wala usikodolee macho mtaro unaouogopa, kwa sababu pikipiki hufuata macho, na macho yakienda mtaroni nayo inakwenda.

Njiapanda ndipo penye sheria yetu kubwa. Tukifika panapochanganya, aliye wa pili husimama mahali anapoonekana vizuri, anawaelekeza wengine kwa mkono, na haondoki mpaka aone nimefika. Nikifika, anaingia mbele yangu, safari inaendelea. Hakuna anayelazimika kukimbia kwa hofu ya kupotea. Kila kitu kimekaa juu ya neno moja: haondoki.

Mwaka juzi, siku ya tatu ya safari, mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri na simu hazikuwa na mtandao. Nikahisi kiti kinayumba upande, mara huku mara kule, kama nimepakia mlevi. Tairi la nyuma. Sikugusa breki ya nyuma, nikaiacha pikipiki ipungue mwendo yenyewe hadi ukingoni. Nikawasha taa kubwa na kuzima, kuwasha na kuzima. Dada wa pikipiki nyekundu alishakunja kona.

Asiyewahi kuziba pancha ya tyubu barabarani hudhani kazi ni kiraka. Kazi ni kubandua tairi kwenye rimu. Ukingo wake umekaa humo miezi, umegandamana na chuma kama wamezaliwa pamoja. Mkiwa wawili ni rahisi: mnalaza gurudumu chini, mnaiweka stendi ya pembeni ya pikipiki ya pili juu ya tairi, mnaiegemeza pikipiki yote hapo, tairi linaachia. Ukiwa peke yako, pikipiki pekee uliyonayo ndiyo hiyo isiyo na gurudumu. Niliruka juu ya tairi kwa buti zote mbili. Nilitukana. Nikaruka tena.

Mwishowe nikaweka helmeti chini, ukingoni mwa barabara nyuma ya pikipiki. Wengi wetu tunaielewa alama hiyo: hapa kuna mtu amekwama. Magari yalipita yakinimwagia maji. Aliyesimama ni kijana mwenye pikipiki ndogo, mzigo wake umemzidi urefu. Hakuuliza kitu. Alitazama tairi, akafungua mzigo, akaleta stendi yake. Pikipiki yake ilikuwa nyepesi mno, ikabidi yeye akae juu na mimi niegemee mpini kwa kifua, tumekumbatiana na chuma kama watu wanaocheza ngoma fulani ya ajabu, hadi tairi likaachia kwa mlio mmoja mtamu.

Ndani, kwa ncha za vidole, nikaupata msumari. (Upapase polepole. Msumari ukiusahau mle, utaiziba tyubu leo na kesho.) Nikaweka tyubu mpya, na kwa kuwa nilikuwa na haraka, kile kipande cha mwisho cha tairi nikakiingiza kwa nguvu na chuma cha kubandulia kikaibana tyubu. Fsss. Kijana alicheka mpaka akashika magoti. Nikarudi kwenye viraka: kusugua kwa msasa, kupaka gundi, kusubiri gundi ipoteze mng'ao kabla ya kubandika. Gundi haipatani na maji, basi alivua koti lake akalitandaza juu ya mikono yangu, mvua ikamnyeshea yeye. Kisha tukapampu kwa zamu.

Alipoondoka aligoma kupokea chochote, akanyoosha mguu mmoja pembeni, akapotea. Ufaransa wenye pikipiki hushukuru hivyo hivyo, kwa mguu, kwa sababu mkono wa kulia umeshika akseleta na ukiuachia mwendo unakufa. Salamu zetu zote zimezaliwa na akseleta hiyo. Wanaoendesha upande wa kulia huinua mkono wa kushoto, ambao uko huru na unaonekana na anayekuja. Waingereza, ambao hupita kushoto, mkono huo kwao umeangalia ukingoni, kwa hiyo wengi hutikisa kichwa tu. Sikujua kijana yule alikuwa anashukuru nini. Pengine kile kicheko.

Saa mbili zilikuwa zimepita. Kilomita 11 mbele kulikuwa na njiapanda, na nilijua nani alikuwa wa pili asubuhi ile.

Nilimkuta amesimama pembeni ya pikipiki yake, chini ya kibao cha barabara kisichoweza kumkinga hata paka. Taa amezizima ili asimalize betri. Mti ulikuwepo, kama mita 100 hivi, wenye kivuli kizuri, lakini kutoka pale mtu hakuoni vizuri. Mwalimu akainua kioo cha helmeti, maji yakamtiririka puani.

"Nyuma yako kuna mtu?"

"Hakuna."

"Basi twende."

Akavaa glavu, akawasha, akaingia mbele yangu. Bega la kushoto lilipanda kabla hatujamaliza kilomita moja. Njiani tukapishana na kiongozi akirudi kututafuta. Wenzetu walitusubiri kituo cha mafuta kilichofuata, ambako husimama kila mara, kwa kuwa mwendo wa kundi unapimwa kwa tangi dogo kuliko yote, nalo ni lita 12, la pikipiki nyekundu. Mwenyewe alikuja kunipokea ananitazama miguuni. Kioo kilijaa maji, alisema, aliona mwanga nyuma akadhani ni mimi. Sikuwa na la kumlaumu, maana na mimi nimeshawahi kudhani. Ila tangu siku ile tuliongeza sheria ya pili: kona mbili bila kuiona taa ya anayekufuata kwenye saiti mira, punguza mwendo. Bado humwoni, simama. Aliye mbele yako naye atakosa taa yako, atasimama, na hivyo hivyo hadi kwa kiongozi.

Usiku wa msafara hauna mapenzi yoyote ya kwenye picha. Ni soksi. Soksi kwenye dirisha, soksi kwenye mpini, watu saba wanagombea tundu mbili za umeme. Fundi wetu anapita na taa kichwani kupaka mnyororo mafuta ukiwa bado wa moto, wake kwanza, kisha wa kila mtu bila kuombwa, na anakunyima usingizi kwa kukuambia wako umelegea. Wanaokataa kuziba masikio huzungumza kwa kupayuka, kwani ukienda 100 kwa saa upepo ndani ya helmeti hupita desibeli 90, na ukishinda nao mchana kutwa masikio hayarudi nyumbani pamoja nawe. Mzee anakoroma. Kila mwaka anakana.

Usiku ule hakuna aliyetaja njiapanda. Mwalimu alipiga chafya mara kadhaa, akazitandika glavu zake juu ya injini yangu, ambayo ilikuwa ya mwisho kufika na bado ina joto, akaenda kulala.

Nikiwa macho na mikoromo ya mzee, hupenda kuwafikiria Theresa Wallach na Florence Blenkiron. Desemba 1934 walitoka London kwa pikipiki moja ya Panther yenye kigari cha abiria pembeni na trela nyuma, wakavuka Sahara bila dira, na Julai 1935 wakafika Cape Town. Wengi huwasifu kwa mchanga na kwa mashine. Mimi nawaonea gere kwa jambo jingine: wawili kwenye chombo kimoja, hakuna wa kumsubiri mwenzake njiapanda. Ingawa miezi saba na mtu yule yule pembeni, bila hata pengo la sekunde moja, hilo nalo linataka moyo wake.

Mwezi uliopita tulitoka tena. Mwalimu anaumwa mgongo sasa, kiongozi alikuwa anatukimbiza, na asubuhi ya pili Mwalimu akaniomba nimpe mikoba yangu. Nataka kwenda kwa mwendo wangu, alisema, na huko nyuma hakuna wa kunipigia honi. Nikampa spana. Nikasogea mbele, na ikatokea kwamba njiapanda ya kwanza wa pili nilikuwa mimi.

Wenzangu wanne walipita, nikawaelekeza, wakaenda. Nikazima injini. Kumbe kila gari lenye taa moja mbovu kwa mbali ni pikipiki. Kila lori lililonyamaza bondeni limemgonga. Dakika ya tano nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia mkewe. Dakika ya kumi nikakumbuka kwamba sikumwonyesha gundi iko mkoba gani. Nikatembea hadi ukingoni, nikarudi, nikaona kivuli kizuri ng'ambo, nikakiacha. Dakika ya 20 taa ikatokea bondeni, ndogo, bila papara, na juu yake bega la kushoto linapanda.

Akasimama kando yangu. Nikainua kioo cha helmeti.

"Nyuma yako kuna mtu?"

"Hakuna."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilisimama kufunga kamba za buti."

"Dakika 20?"

"Miguu ni miwili," akasema.